Marehemu wa Muda

Serikali, kwa kujali, kwa kuthamini na kwa kuona mbali, iliwatangazia wananchi wote kwamba kuanzia mwezi huo wasanii wa taifa wangehamishiwa makaburini.

Tangazo lilisomwa redioni baada ya taarifa ya hali ya hewa, likajieleza lenyewe kabla ya mtu kuuliza. Utafiti wa Wizara ulikuwa umebaini kwamba kinachomsumbua msanii ni kelele, na kinachoisumbua Wizara ni msanii. Wadau walishirikishwa, chai ikanywewa, na ikaonekana kwamba mahali patulivu kuliko pote mjini ni Makaburi ya Kale, penye mawe mazuri, kivuli cha kutosha na majirani wasiolalamika. Mpango ulipewa jina la Mpango Jumuishi wa Ukaazi wa Wasanii katika Makaburi ya Kihistoria kwa Maendeleo Endelevu. Watu wa mtaani, ambao hawana pumzi ya majina marefu, wakauita Zika Msanii.

Aliyekabidhiwa kuusimamia ni Kaimu Mkurugenzi wa Makaburi. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, ila kwa miaka mingi halikuwa limepata kazi ya kufanya. Ofisini aliitwa Kaimu, mtaani Kaimu, na dukani waliambiana, "Mpe Kaimu sukari yake aende." Mkurugenzi aliyemtangulia alikuwa amehamia upande wa pili wa dirisha la ofisi ile ile, pale karibu na bomba la maji, chini ya jiwe zuri la kijivu. Tangu siku ile ya mazishi Kaimu alikuwa akisubiri kuthibitishwa. Kiti cha Mkurugenzi kilikuwa bado kimevaa nailoni ya dukani, na kwa kuwa kaimu haruhusiwi kukikalia, alikaa kwenye stuli pembeni na koti lake akalitundika kitini. Wageni wengi walilisalimia koti kwanza.

Tusimlaumu Waziri kwa jambo hili. Waziri alikuwa na falsafa yake, na aliieleza wazi kila alipoulizwa: mtu ukimthibitisha, anaanza kuwa na maoni. Kwa hiyo wizara nzima ilikuwa ya makaimu, kuanzia Kaimu Katibu hadi Kaimu Mpika Chai, na mambo yalikwenda kwa adabu kubwa.

Tatizo la Kaimu halikuwa ofisini. Lilikuwa nyumbani, sebuleni, kwenye kochi la karibu na feni. Mama mkwe wake alikuja kusalimia wiki moja, kisha akaona hakuna haraka.

"Mimi binti yangu nilimwoza mume," alipenda kusema, huku akijipepea na gazeti ijapokuwa feni inazunguka. "Huyu kaimu aliingia saa ngapi?"

"Mama, mchakato unaendelea," Kaimu alijibu kila mara.

"Haya. Karibu mezani, kaimu mkwe. Ule kwa niaba ya mwenyewe atakapokuja."

Mke wake aliinamia sahani ili asicheke mbele ya mumewe, na Kaimu alikula chakula chake kwa niaba. Alikuwa mtu mpole na mchapakazi, na jambo hilo lilimuuma kweli. Alichotaka hapa duniani ni kimoja tu, neno moja lifutwe mbele ya cheo chake, mama mkwe akishuhudia.

Ndiyo maana Mpango ulipomwangukia alisema moyoni, bahati imebisha hodi. Bahati ikaingia, ikakuta sheria imekaa.

Kanuni za Makaburi ya Kale zilisema bila kupepesa macho kwamba hakuna mtu atakayekaa, kulala, kupika wala kuishi ndani ya eneo hilo isipokuwa awe marehemu. Kikao kikaitwa. Mmoja alipendekeza sheria ibadilishwe, akaangaliwa kwa huruma. Mwingine alipendekeza wasanii wawe wanatoka jioni na kurudi asubuhi, akaambiwa huo si ukaazi, hiyo ni ajira, na serikali haikuahidi ajira. Ndipo Kaimu akainua mkono kutoka kwenye stuli yake.

"Waheshimiwa, sheria ni ngumu. Wasanii ni laini. Tubadilishe wasanii."

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa cheo cha Marehemu wa Muda. Msanii akichaguliwa, anahesabiwa kuwa amefariki kwa madhumuni ya kiutawala tu, anapewa kibao cha shaba ukutani, godoro, na ufunguo wa choo. Waziri alifurahi hadi akapiga simu mwenyewe.

"Kaimu, una kichwa! Uthibitisho wako uko hapa mezani kwangu."

Kaimu alijua uko mezani. Alikuwa ameuona kwa macho yake, umewekewa kikombe cha chai juu.

"Nashukuru, Mheshimiwa. Ila nina swali dogo. Muda wao ukiisha, nani atawarudisha kwenye uhai?"

"Mkurugenzi."

"Ambaye ndiye mimi?"

"Ambaye siye wewe. Wewe ni kaimu. Kumfisha mtu kiutawala tunakuruhusu, hiyo ni kazi ya kila siku. Kufufua ni suala la sera. Linataka Mkurugenzi kamili, aliyethibitishwa na Waziri kwa mkono wake. Andika hivyo kwenye kanuni, nitatia sahihi."

Kaimu akaandika hivyo, Waziri akatia sahihi, na nukta ikawekwa mahali pake.

Wasanii wa kwanza walikuwa watatu. Mfinyanzi alipewa ukumbi wa kupokelea majeneza, akaanika vyungu vyake juu ya kaburi la mfanyabiashara mmoja wa zamani, maana marumaru yake ilishika joto vizuri. Mpiga tarumbeta alipewa stoo ya majembe. Wa tatu alikuwa mchoraji wa vikatuni, mwanamke mwenye ulimi kama penseli yake, na kwa bahati ambayo haikupangwa na kikao chochote, alikuwa mdogo wake mke wa Kaimu. Yaani shemeji yake. Yaani, kwa maneno mengine, mtoto wa mwisho wa mama mkwe.

"Umeniulia mtoto!" mama mkwe alipiga kelele, gazeti likaanguka.

"Mama, ni kiutawala tu. Ni kwa muda."

"Na ukaimu wako je, si nao ulikuwa wa muda?"

Kaimu akainamia kikombe chake cha chai. Mke wake alimwonea huruma, akamwongezea maandazi, lakini hata yeye alimwambia polepole, "Baba watoto, huyo mdogo wangu utamfufua lini?" Kaimu akasema nikishathibitishwa. Hapo tena hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma zaidi ya kuchekwa.

Mdogo mtu mwenyewe wala hakujali. Alipewa chumba cha kupumzikia wabeba majeneza, chenye dirisha kubwa linalotazama barabara, na kitu cha kwanza alichofanya baada ya kufariki ni kuchora. Alichora ukuta wa nje wa makaburi wote, kuanzia lango hadi kona, na kila mahali alimchora Waziri. Waziri alijulikana kwa kupenda kukata utepe. Daraja la mjini alikuwa amelizindua mara nyingi kuliko magari yaliyolipita. Kwa hiyo mchoraji alimchora na mkasi mkononi, anakata utepe kwa tabasamu pana, na utepe wenyewe ni mkanda wa suruali yake. Picha iliyofuata ilimwonyesha sekunde moja baadaye.

Mkaguzi wa polisi alifika mapema, amefunga vifungo vyote.

"Nimekuja kumkamata mchoraji."

"Pole sana, afande," Kaimu akasema, akasimama. "Alifariki."

"Alifariki lini? Nimempita hapo nje anakula muhogo!"

"Huyo huyo. Tulimpoteza mwanzoni mwa mwezi."

"Kaimu, usinichezee. Amemtukana Waziri."

"Afande, tangu lini marehemu akakamatwa? Utamfunga pingu, sawa. Mahakamani utasema umemleta nani? Hakimu akiuliza umri wake utasema alikuwa na miaka mingapi, au ana miaka mingapi?"

Mkaguzi alifikiri. Alikuwa mtu wa kazi yake, na kazi yake haikuwahi kumtaka ajibu hilo. Mchoraji alipita dirishani akampungia mkono na kipande cha muhogo. Mkaguzi, kwa malezi mema aliyopewa na wazazi wake, akavua kofia.

"Poleni sana," akasema, akaondoka taratibu kama mtu anayetoka msibani.

Na hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo kikao hakikuliona. Kila mtu aliyelelewa vizuri anajua kwamba marehemu hasemwi vibaya. Msemaji wa Wizara alikwenda redioni kuilaani michoro ile, akafungua kinywa, na mazoea yakamshinda. "Alikuwa binti mcheshi," akajikuta anasema, "mpenda watu, mwenye kipaji, ameacha pengo." Majirani waliokuwa wakimsengenya kwa sababu ya suruali zake sasa walimpita mama mkwe sokoni wakimshika mkono: mtoto wako alikuwa dhahabu, mama. Mama mkwe alirudi nyumbani amechanganyikiwa, hajui alie au aringe.

Habari ikaenea kama harufu ya vitunguu. Mpiga tarumbeta, ambaye alipokuwa hai kila mtaa ulimfukuza, sasa alisikilizwa kwa heshima hata alipokosea. Watu walianza kufika jioni za Ijumaa na watoto wao kutazama picha, kununua vyungu na kukaa kwenye vivuli. Foleni ikajitokeza langoni, foleni ya watu wazima wenye akili zao, wakiomba nao wafishwe. Alikuwepo mwalimu aliyetaka kulala usingizi mmoja tu bila kuitwa. Alikuwepo mume mmoja ambaye hakueleza sababu, ila mkewe alifika nyuma yake na kueleza yote. Alikuwepo karani aliyefanya kazi maisha yake yote, akasema anachotaka ni kusikia siku moja mtu akimsifu. Kaimu aliwaambia wote nafasi zimejaa, na lile la karani likamkaa moyoni.

Waziri aliposikia kwamba makaburini kunajaa kuliko kwenye mikutano yake ya hadhara, kwanza alikasirika, akavunja kikombe. Kisha akatulia, akafikiri kama kiongozi. Ikiwa huwezi kuwazuia watu kwenda mahali, nenda ukapazindue.

Tarehe ikapangwa. Msaidizi wa Waziri alimnong'oneza Kaimu kwenye simu kwamba siku hiyo, mbele ya umati, Mheshimiwa angetamka jambo kuhusu cheo chake. Kaimu aliweka simu chini kwa mikono miwili. Mke wake alipiga pasi shati jeupe mpaka likawa linasimama lenyewe.

"Na mimi nakuja," mama mkwe akatangaza. "Nitakaa mbele. Masikio yangu yameshadanganywa sana, sasa nataka macho."

Siku ilifika kwa jua zuri. Hema lilisimamishwa kati ya makaburi, viti vya plastiki vikapangwa, spika zikapiga mluzi kama kawaida yao. Waziri aliteremka garini amevaa suti ya kuzindulia, na nyuma yake akateremka Naibu Waziri. Naibu alikuwa mtu mwembamba aliyetembea nyuma ya bosi wake kwa miaka mingi mpaka akakijua kisogo chake kuliko uso wake. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa akizungumza naye vikaoni, alikuwa na muda wa kusoma, na alisoma kila kitu, hata kanuni.

Langoni, Waziri aliona vibao vya shaba vinang'aa ukutani. Akasimama.

"Hivi ni nini?"

"Majina ya wakaazi, Mheshimiwa," Kaimu akajibu.

"La kwangu liko wapi?"

"La kwako, Mheshimiwa... halipo."

"Mpango ni wangu. Makaburi ni yangu. Watu wamekuja kwa ajili yangu. Jina linakosekana langu?"

"Mheshimiwa ni mlezi wao. Ukaazi una masharti yake."

"Masharti gani yanayonishinda mimi?"

Hapa ni lazima tumtetee Kaimu. Katika utumishi wa umma ipo njia moja tu ya kumwambia Waziri hapana. Unaanza na "Ndiyo, Mheshimiwa", kisha unaweka "ila", kisha unaomba Mungu muda ufike. Kaimu alijitahidi kwa nguvu zake zote.

"Ndiyo, Mheshimiwa, ila wakaazi, kwa tafsiri ya kanuni, hatunao tena."

"Hatunao vipi? Si hao nawaona, mmoja anatafuna?"

"Wapo, Mheshimiwa, ila hawapo."

"Basi na mimi niwepo, ila nisiwepo! Mkaazi wa Heshima. Namba Moja. Kibao changu kiwe kikubwa kuliko vyao."

Kaimu alimgeukia Naibu kwa macho ya kuomba msaada. Naibu alikohoa kikohozi kifupi cha mtu anayejua ukurasa.

"Wazo zuri sana, Mheshimiwa," akasema. "Sijui kwa nini hatukulifikiria mapema."

Kitabu cha wakaazi kikaletwa. Waziri akatia sahihi kwa madaha, mkono ukizunguka hewani mara mbili kabla ya kushuka. Mchoraji mwenyewe, bila kuombwa, akaandika jina la Waziri kwenye kibao kikubwa kwa herufi za kupendeza, akakipigilia misumari. Waziri akampongeza. Wapiga picha wakapiga picha.

Kisha Naibu akapanda jukwaani, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba.

"Itifaki imezingatiwa," akasema. "Ndugu wananchi, kwa masikitiko makubwa nawaomba msimame kwa dakika moja."

Watu wakasimama. Waziri, ambaye hakuwahi kuona dakika ya ukimya isiyomhusu mtu mkubwa, naye akasimama na kuinamisha kichwa. Mpiga tarumbeta akaanza wimbo wa polepole, ule unaolainisha magoti. Naibu akatoa kitambaa.

"Tulikuwa naye," akasema. "Kiongozi asiyependa makuu. Mnyenyekevu. Msikivu. Aliyepokea ushauri kutoka kwa kila mtu, hasa kwa naibu wake."

Wanawake wa safu za nyuma wakaanza kuguna kwa huzuni. Mzee mmoja akasema, kweli, kweli. Mama mkwe akafuta jicho, kwa kuwa msiba ni msiba. Waziri alisikiliza mdomo wazi, na machozi yakaanza kumtiririka mashavuni. Akamshika Kaimu mkono.

"Kaimu," akanong'ona, "kumbe nilikuwa mtu mzuri hivi?"

"Sana, Mheshimiwa."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Ulikuwa hai, Mheshimiwa."

Msaidizi wa Waziri, aliyeanza kushtuka, alitaka kukimbilia jukwaani. Waziri akamzuia kwa kiganja. "Mwache amalize," akasema. "Anaingia sehemu ya elimu yangu."

Naibu akamaliza. Alisema pengo lililoachwa halizibiki, kisha akasema kwamba kwa unyenyekevu mkubwa amekubali kuliziba. Kwa kuwa kiti cha Waziri kiko wazi kuanzia sahihi ile, yeye atakikaimu. Umati ukapiga makofi ya huzuni. Naibu akashuka, akatembea mbele kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaingia kwenye gari la bendera.

"Kiti gani kiko wazi?" Waziri akauliza. "Kiti gani? We dereva! Unampeleka wapi huyo? Mimi niko hapa! Mimi ni mzima!"

Dereva aliteremsha kioo, uso umejaa upendo.

"Tutakukumbuka, Mheshimiwa," akasema, akawasha gari.

Waziri akamwita Mkaguzi wa polisi. Mkaguzi alikuwa tayari ameshavua kofia. Akamwita msemaji wa Wizara, na msemaji akamsifu. Akawageukia wananchi akipiga kelele kwamba yu hai, na wananchi wakatikisa vichwa, wakaambiana ni uchungu, mwacheni. Mwishowe akamrukia Kaimu, akamshika kola ya lile shati la pasi.

"Nifufue!"

"Mheshimiwa, kufufua ni suala la sera. Linataka Mkurugenzi kamili."

"Basi nakuthibitisha! Sasa hivi, hapa hapa! Mbele ya watu wote, wewe ni Mkurugenzi!"

Mama mkwe akasimama kwenye safu ya mbele, mkono kifuani. Mke wa Kaimu akaziba mdomo. Maneno yalikuwa yametamkwa, kwa sauti kubwa, kupitia kipaza sauti kilichosahauliwa wazi. Miaka yote ile ambayo Kaimu alikaa kwenye stuli, chakula chote alichokula kwa niaba, vyote vilikuwa vimelipwa kwa sentensi moja, na alitamani sana kuinama, kushukuru, na kwenda zake nyumbani akiwa mtu kamili. Lakini alikuwa mtumishi mwaminifu, jambo ambalo ni ugonjwa.

"Mheshimiwa," akasema, "uthibitisho wa marehemu haushiki."

Mama mkwe akakaa chini.

Jumatatu Kaimu alikwenda wizarani kumwona Kaimu Waziri. Alimkuta mezani, amekunja miguu, ameondoa kikombe cha chai juu ya makaratasi.

"Mheshimiwa, nimekuja kuhusu ule uthibitisho wangu."

"Kaa, ndugu yangu, kaa," Kaimu Waziri akasema. "Huko juu nimeomba na mimi nithibitishwe. Wamesema nikaimu kwanza, eti mtu ukimthibitisha anaanza kuwa na maoni. Kwa hiyo uwezo wa kukuthibitisha sina. Lakini nitakuwa mkweli kwako. Hata ningekuwa nao, ukishathibitishwa wewe, utaweza kumfufua yule?"

"Kwa mujibu wa kanuni, nitalazimika."

"Umeona." Kaimu Waziri akatabasamu kwa upole. "Omba kitu kingine. Omba chochote. Unataka gari? Unataka paa jipya la ofisi? Wasanii wako waongezwe? Ukitaka hata barabara ya kwenu iwekwe taa, sema. Ila usije ukathibitishwa, tafadhali. Nakuomba kama ndugu."

Kaimu alirudi nyumbani kichwa kinamzunguka. Alieleza yote mezani, kwa huzuni, macho kwenye sahani. Mke wake alimshika bega. Mama mkwe akajipepea, kisha gazeti likasimama hewani.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Yaani huyo mkubwa anakuomba wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na yule mwingine, aliye makaburini, naye anakuomba wewe?"

"Kila siku, mama."

"Na wote wawili wamekwama kwa sababu wewe ni kaimu?"

Kaimu akainua macho kutoka kwenye sahani. Hakuwahi kulitazama jambo kutoka upande huo. Mama mkwe akauvuta mwiko, akachagua pande la nyama kubwa kuliko yote, akampakulia kwa mkono wake mwenyewe.

"Na mdogo wangu?" mke wake akauliza. "Si naye atabaki marehemu?"

"Nilimuuliza," Kaimu akasema. "Amesema nikithubutu kumfufua atanichora mimi."

Mwezi ule barabara yao iliwekwa taa. Ofisi ya Makaburi ikapata paa, na foleni ya langoni ikapunguzwa kwa kufungua nafasi mpya. Wa kwanza kuingia alikuwa yule karani, na hotuba ya sifa zake ilichukua asubuhi nzima. Mkaazi wa Heshima, Namba Moja, alipewa godoro na ufunguo wa choo kama wenzake. Kwa kuwa kila mkaazi anatakiwa kutoa kazi ya sanaa, mfinyanzi alimfunga aproni na kumfundisha. Chungu chake cha kwanza kiliegemea upande. Wageni walikisifu sana, kwa heshima ya marehemu, naye kwa mara ya kwanza akaanza kushuku sifa.

Kila asubuhi alinawa udongo, akavaa suti yake ya kuzindulia, akaja kukaa kwenye benchi la nje ya ofisi, katikati ya watu wenye shida zao. Mwanzoni alijaribu kupita mbele. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimwambia, "Baba, hata ukifa kuna foleni," akarudi nyuma. Siku moja zamu yake ilifika, akaingia, akasimama mbele ya meza akiipapasa kofia yake.

"Kaimu," akasema kwa sauti ndogo, "ndugu yangu. Mimi nilikuweka hivyo mwenyewe, najua. Nilikosea. Lakini wewe ni mtu mwema. Huwezi kunifanyia kitu?"

Kaimu alimtazama, na kwa kweli alimwonea huruma, huruma ya ndani kabisa. Akatoka kwenye stuli yake, akamzungukia, akamwekea mkono begani, akamsindikiza taratibu hadi mlangoni ili anayefuata aingie.

"Mheshimiwa," akasema, na kila herufi ilimpita mdomoni tamu kama sukari guru, "ningekuwa na uwezo ningefanya leo leo. Tatizo mimi ni kaimu tu."